Gari Lililokataliwa na Vita

Mwanangu, nilimwahidi mama yangu jambo, na asubuhi ile bado naiona waziwazi. Yeye amekaa mlangoni pa jiko akichambua maharage, mimi nimesimama mbele yake na cheti changu cha chuo cha kilimo nimekishika kama msalaba. Nikamwambia, "Mama, maadamu niko hai, mgonjwa wa kijiji hiki hatabebwa tena begani. Nitatafuta gari." Mama hakuinua macho. Alijibu tu, "Haya, tafuta," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kwa mtoto aliyepoteza kiatu.

Inafaa nikueleze habari ya kubebwa begani, kwa maana nyinyi mmezaliwa barabara ikiwa mlangoni. Kwetu Nyakisasa, mgonjwa alipelekwa hospitali kwa ingobyi, machela iliyosukwa mfano wa kikapu kirefu na kufungwa kwenye fito mbili imara. Mwito ulipopigwa, kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja. Wabebaji walipokezana njiani bila kuiweka chini, na aliyebaki nyumbani bila sababu aliwapelekea wenzake mtungi wa pombe ya ndizi, akaketi pembeni akisikiliza masimango hadi mtungi ukauke. Kiongozi wao alikuwa Mzee Bukuru, mtu mrefu, mkavu, ambaye bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine kwa ajili ya fito zile. Mama yangu, ambaye alikuwa mkunga, alitembea pamoja nao mara nyingi. Mimi nilikuwa nimekulia katika mabweni ya shule, kwa hiyo sikuwahi kuishika.

Chuoni tulikuwa tumejadili usawa wa binadamu hadi taa zikazimwa. Niliamini kwamba mgonjwa wa kijijini anastahili kile anachostahili mgonjwa wa mjini, na naamini hivyo hadi leo. Kwa hiyo ukimcheka kijana huyu, mcheke kidogo tu.

Gari nililipata Biharamulo kwa baba yangu mkubwa, aliyekuwa amelichosha kwa kubebea pamba na samaki. Lilikuwa pikapu ya rangi ambayo hatukuwahi kukubaliana jina lake, yenye turubai nyuma lililotandazwa juu ya mabomba ya chuma. Alinipa kwa ndama jike, na hata leo nadhani aliyedhulumiwa katika biashara ile ni ndama. Halikuwa na stata, hivyo lililazwa daima juu ya mteremko ili asubuhi lipate kujitupa na kuwaka. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya katani. Honi yake ililia yenyewe kila nilipokata kushoto, ikanyamaza kabisa nilipoihitaji. Sakafuni palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo nilijifunza udongo wa wilaya mbili zaidi kuliko nilivyojifunza chuoni.

Safari ya kulileta nyumbani ilinipa picha kamili, lau ningetaka kuitazama. Kwenye kizuizi cha mbung'o, pale magari yalipokaguliwa yasibebe wadudu hao kutoka porini, mkaguzi aliingiza wavu wake ndani, akautoa, akautazama, akaniambia, "Kijana, ungeacha milango wazi ili warudi msituni kwa hiari yao, maana humu ndimo wanamozaliwa." Pale njia panda ya Nyakanazi rejeta ilichemka hadi mama mmoja muuza viazi akaniuliza kama natokosa kitu. Nilipofika Nyakisasa, nusu ya kijiji ilikuwa inanisukuma, na kabla jua halijazama gari lilikuwa limekwisha kupewa jina: Shuka Tusukume.

Hata hivyo, lilipokuwa na hiari yake lilikwenda. Lilimfikisha hospitali ya misheni mzee mwenye ngiri, na mtoto aliyevunjika mguu. Watu wakaanza kuliamini, na mimi nikaanza kujiamini zaidi ya kiasi.

Kisha vita vikaja. Adui alikuwa amevuka mpaka kule kaskazini mwa mkoa wetu, na serikali ikakusanya magari ya kupeleka askari na chakula. Lori la duka la ushirika likaenda. Gari la misheni likaenda. Mimi sikungoja kuitwa. Nililiosha langu, nikalifunga bendera ndogo mbele, nikalipeleka mwenyewe mjini Ngara, magari yalikokuwa yakikaguliwa. Askari mmoja fundi alilizunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayepita kaburini.

"Ndugu, hili umelileta au limekufuata?"

"Nimelileta kwa ajili ya taifa," nikasema.

Aliinama akachungulia tundu la sakafu, akaona viatu vyake mwenyewe upande wa pili. "Taifa linakushukuru sana. Sasa lirudishe nyumbani. Adui akiliona hili mstari wa mbele atadhani tumekwisha kushindwa."

Wenzake walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Nilirudi kwa fedheha, bendera nikiwa nimeikunja mfukoni.

Lakini sikiliza jinsi mambo yanavyogeuka. Magari mazuri yalipokwisha kwenda, gari baya ndilo lililobaki peke yake upande wetu wote. Katika mkutano wa kijiji mwenyekiti akasema kwamba, kwa kuwa vijana wengi wamekwenda vitani na mimi, bwana shamba wao, ninalo gari, kikundi cha ingobyi sasa kipumzike. Watu wakapiga makofi. Mzee Bukuru peke yake alisimama.

"Mwenyekiti, gari likikataa?"

"Mzee Bukuru anaogopa kukosa pombe," mtu mmoja akasema, na mkutano ukaangua kicheko.

Mzee naye alicheka, maana alikuwa muungwana. Kisha akanigeukia. "Shemeji," aliniita hivyo kwa utani, kana kwamba nitaoa kwao, kwa kuwa nilikuwa sijaoa, "likikataa?"

"Halitakataa, mzee," nikajibu mbele ya watu wote.

Baada ya mwezi fito za ingobyi zilikuwa zimetegemezewa migomba iliyolemewa na mikungu. Hakuna aliyeamuru. Zilionekana tu hazina kazi, na ndizi zilikuwa nzito.

Sasa nimtaje Gaspari. Alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi pamoja, na alikwenda vitani na mgambo akimwacha mkewe, Leokadia, mjamzito. Asubuhi aliyoondoka alinishika mkono akasema, "Leokadia nakuachia. Bahati yangu ni kwamba wewe una gari." Maneno hayo, mwanangu, nilitembea nayo kifua mbele.

Uchungu ulimshika Leokadia alfajiri. Jua lilipopanda, mama yangu alitoka katika chumba cha Leokadia akifuta mikono, na uso wake haukuwa wa kawaida. "Mtoto amelala vibaya," alisema. "Mkono umetangulia. Huyu ni wa kupasuliwa, na ni leo." Tukatandika godoro nyuma ya gari. Mama akapanda akakiweka kichwa cha Leokadia mapajani mwake. Tukajitupa mteremkoni, gari likawaka, na kijiji kikapiga vigelegele.

Liliteremka vizuri hadi bondeni, likavuka daraja la magogo, likaanza kupanda mlima unaotazamana na kijiji cha Mabawe. Katikati ya kilima, chini yetu pakasikika mlio kama wa fupa linalovunjwa. Injini iliendelea kunguruma, lakini magurudumu hayakuzunguka tena, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea mtoni. Breki zilishuka hadi sakafuni bila kushika kitu. Mama, ambaye wakati huo nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, aliruka chini na kulisukumia jiwe nyuma ya gurudumu. Likasimama.

Niliingia chini ya gari. Ekseli ilikuwa imekatika vipande viwili. Hata mtoto angejua kwamba mambo yamekwisha, lakini mimi nilitoka, nikafungua boneti, nikaanza kukaza nyaya ambazo hazikuhusika kabisa na maradhi yale. Nilikuwa nikisema, "Subirini kidogo, subirini kidogo," na Leokadia akiugua nyuma yangu kwa sauti iliyokuwa ikipungua.

"Mwanangu," mama akasema, "achana na chuma hicho. Ita watu."

"Mama, nilikuahidi."

"Uliniahidi wewe. Mimi sikukubali lolote. Ita watu!"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuujua mwito. Nilijua jina la kila ugonjwa wa kahawa, lakini ule ukelele unaopanda mara mbili na kuvunjika mwishoni, ambao kila mkulima akiusikia huangusha jembe, sikuwahi kujifunza. Mama aliweka viganja kinywani akaupiga. Mlima wa pili ukaupokea, na wa nyuma yetu ukaupeleka kijijini.

Waliofika kwanza walikuwa wanawake wa Mabawe waliokuwa wakipalilia maharage juu ya mlima. Hatukujuana. Hawakuuliza sisi ni nani, waliuliza tu, "Ingobyi iko wapi?"

Ingobyi ilikuwa imegawanyika katika migomba ya watu.

Mwanamke mmoja mnene, mwenye kicheko usoni hata katika shida, alilitazama gari kutoka mbele hadi nyuma, kisha akagonga yale mabomba ya turubai. "Haya yanachomoka?"

Tukayachomoa. Tulilikunja turubai, tukalifunga kwa ile kamba ya mlango kwenye mabomba mawili marefu, tukatandika godoro juu. Tulikuwa tunamlaza Leokadia Mzee Bukuru alipotokea bondeni akihema, pamoja na wazee wenzake watatu waliobaki kijijini. Aliona wanawake wameinama tayari kushika ncha za mabomba, akasimama.

"Ingobyi haibebwi na wanawake," alisema, si kwa ukali, bali kama mtu anayetaja jambo linalojulikana.

"Basi tungoje vita viishe?" mama akamuuliza.

Mzee alimtazama mama, akawatazama wazee wenzake, ambao mmoja alikuwa amekwisha kuketi. Kisha akakunja kitambaa, akakiweka juu ya bega la yule mwanamke mnene ili bomba lisimchubue. "Mlima tunapanda kichwa kikiwa mbele," alimwagiza. "Ukichoka sema, usione haya. Na wewe, shemeji, njoo hapa nyuma. Leo huna pa kukaa."

Tukabeba. Sina maneno ya kukueleza uzito ule. Si mkubwa, kinachokushangaza ni kwamba hauna mapumziko, ila pale bega jingine linapoingia chini ya lako na kukuondolea. Niliondolewa mara nyingi na watu ambao majina yao sikuyajua. Njiani wengine wakaongezeka, wanawake kwa wanaume, na mmoja wao, aliposikia habari ya gari, akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa Shuka Tusukume kufika hospitali bila kusukumwa. Leokadia mwenyewe alicheka. Nilipousikia ule mcheko mdogo juu ya kichwa changu, nilikaza bega chini ya bomba nikaongeza hatua.

Alipasuliwa mchana ule ule. Akapona, na mtoto, wa kike, akalia vizuri. Niliketi nje ya hospitali nikiwa nimeegemea ukuta, bega limevimba, na nikahisi mwili wote umekuwa mwepesi kama mtu aliyeteremshwa kutoka juu ya mti aliokuwa ameshindwa kuushuka. Sikuwa na deni tena la kuwa mwokozi wa kijiji. Gaspari aliporudi kutoka vitani, amekonda lakini mzima, aliwakuta wote wawili.

Gari halikutoka pale mlimani. Mhunzi alizichukua springi zake akafua majembe, yaliyokuwa adimu sana miaka ile, na watu wa Mabawe wakachukua mengine. Kila nilipopita nikaona limepungua, nilifurahi zaidi.

Jioni moja nilikwenda kwa Mzee Bukuru kumwomba aniweke katika zamu. Nilimsalimu, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba," kisha akanikemea, na kemeo lake nimelihifadhi hadi leo. "Sisi hatukukasirika kwa kuwa ulileta gari," alisema. "Ungeleta hata mawili. Lakini ulipofika nalo ulitwambia tuketi, na sisi tukaketi. Mtu aliyeketi muda mrefu, siku ya kumwinua ni kazi." Tangu hapo kijiji kilikuwa na ingobyi mpya, na wanawake walikuwa na zamu ndani yake, jambo ambalo Mzee Bukuru alidai hadi kufa kwake kwamba alilibuni yeye.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Tafuta gari, mwanangu, tafuta elimu, tafuta kila chombo kinachopunguza taabu ya mwanadamu. Sitaki mtu yeyote arudi kubebwa begani kwa sababu tu wazee walibebwa. Ila chombo chako kisiwe sababu ya watu kuacha kuitana. Ukijaliwa uwezo, uongeze juu ya zamu yako, usiutumie kuikwepa. Na ukiona wema wako unawafanya watu wote wakutegemee wewe peke yako, ogopa, kwa maana siku utakapokatika watakatika nao, na wewe hutakuwa na wa kumwita.

Mungu akulinde katika kila mlima utakaoupanda. Akupe breki zinazoshika, akupe afya ya kubeba, na zamu yako ya kubebwa itakapofika akupe watu wapole.

Nami nakuomba jambo dogo: wiki hii piga hodi kwa jirani ambaye hujawahi kuzungumza naye, mwambie jina lako, na umuulize lake.