Upepo Uliotoka kwenye Simu

Siku boti yetu ilipozama hapakuwa na upepo. Naanza na hilo kwa sababu ndipo walipoanzia kuniharibia maneno yangu. Ziwa lilikuwa limetulia, mtu akitema mate anayaona yanavyotawanyika. Mwenye boti anajua. Mkaguzi wa mwaloni anajua. Majina yao siyaandiki. Kibirizi nzima, hapa Kigoma, inawafahamu, na wao wenyewe wakisomewa haya watajijua.

Mchezo wao ulikuwa hivi. Asubuhi mkaguzi anasimama pale mwaloni, boti zinapopakilia, anahesabu vichwa, anahakikisha kila abiria kavaa boya, halafu anagonga ubavu wa boti kwa kiganja: haya, nendeni. Boti ikishaipita ile kona ya mawe, ambako mkaguzi haoni, au anajifanya haoni, inapunguza mwendo. Unakuja mtumbwi umejaza abiria wengine ambao hawakuhesabiwa, pamoja na magunia yao ya mihogo, wote wanapandishwa botini. Katikati ya mtumbwi amesimama mwenye boti mwenyewe, kashika gunia tupu.

"Maboya, maboya, leteni upesi! Wenzenu wa boti ya pili bado hawajakaguliwa!"

Maboya yalikuwa ya boti moja. Boti tatu zilikuwa zikiyavaa kwa zamu.

Nasi tulivua. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetishwa. Tulivua kama watu wanaorudisha sahani za shughuli, tena tukihimizana, fanya haraka bwana, tunawachelewesha wenzetu. Sisi watu wa Ujiji hatutaki kuonekana tunang'ang'ania kitu cha kuazima. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa amekaa nyuma yangu. Kamba ya boya lake ilijifunga fundo. Akacheka, "Dada, hili limenipenda, halitaki kutoka."

Nikamgeuza, nikalifungua fundo kwa meno. Mimi. Boya nikalikunja vizuri, nikampa mwenye boti, naye akasema ahsante, mama. Hatukufika mbali, boti ikalala ubavu kwa ule uzito. Mimi nilidaka dumu la mawese lililokuwa linaelea. Yeye hakudaka kitu.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini haya yote niliyaandika kwenye daftari kwa penseli, kurasa kumi na moja, maana kwa mdomo nilishindwa. Nilishindwa hasa kwa mtu mmoja, binti wa marehemu. Wakati ule alikuwa bado sekondari, nikamchukua, nikamlea. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ofisini Kigoma mjini, kazi ya kuandika matangazo. Alinitembelea asubuhi moja akaliona daftari juu ya kabati.

"Mama mkubwa, umeandika wewe? Hii ni mali!"

"Mali gani? Hiyo ni maiti."

"Niachie mimi. Kutoka hapa natoa vitu sita."

Akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, mbio mbio. Nikamuuliza, unasoma au unapiga picha? Akasema mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu, yeye hauwezi, lakini akili mnemba ya kwenye simu inausoma wote. Akaiambia igeuze. Chai haijapoa, vitu sita vikawa vimetoka: kipeperushi cha kubandika mwaloni, mchezo wa redio, ujumbe mfupi wa kutumiana kwenye simu, hadithi ya watoto wa shule, khutba ya Ijumaa, na wimbo wa kwaya kwa ajili ya kanisa la Wakongomani. Sikatai, kazi ilikuwa safi. Kiswahili kilinyooka kuliko changu. Ndiyo maana nilikichukia.

Akanisomea kipeperushi. "Kufuatia upepo mkali uliovuma ghafla..."

"Simama hapo. Upepo gani?"

"Labda picha moja haikutoka vizuri, ikajazia yenyewe."

"Ikajazia? Mimi niliyekuwepo sikujazia, yenyewe imejazia?"

"Mama mkubwa, usigombane na simu."

Mchezo wa redio nao ulikuwa na upepo, na humo hadi nahodha alipiga kelele, "Shikeni imara!" Nahodha wetu hata hakusema neno, aliruka wa kwanza. Kwenye hadithi ya watoto, dada mkubwa anamfunga mdogo wake boya "kwa mikono yenye upendo". Hapo niliinuka nikatoka uani, nikasimama nimeshika kamba ya nguo. Binti akafikiri namlilia mama yake. Sikumwambia nililokuwa nalilia. Hilo ni kosa langu, naliweka hapa pamoja na ya wenzangu.

Katika vitu vyote sita gunia halikuwemo. Mtumbwi haukuwemo. Mwenye boti hakuwemo. Hakuna mtu aliyefanya jambo lolote. Maji yalikuja yenyewe.

Nikamwambia afute. Akaitikia ndiyo. Kumbe kipeperushi alikuwa ameshamtumia mwenyekiti wa mwalo, eti anifurahishe.

Na mwenyekiti alikuwa anakihitaji. Tangu ajali ile mwenye boti alizuiwa kubeba abiria, na sasa alikuwa ameomba arudishiwe ruhusa. Kikao kiliitwa pale pale mwaloni baada ya alasiri: wenye boti, wavuvi, sisi wanawake wa dagaa. Mwenyekiti akasimama na karatasi. "Tumepata bahati, tunao ushuhuda wa manusura mwenyewe." Akaanza kusoma, na upepo ukavuma mstari wa kwanza. Mwenye boti alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi, kama mfiwa.

"Kazi ya Mungu," akasema. "Upepo nitaushtaki wapi?"

Mama mmoja muuza dagaa, ambaye naye aliokoka siku ile, akaninong'oneza, "Upepo gani? Siku ile moshi wa majiko ulipanda wima."

Nikasimama.

"Mama, wewe umeshasomewa, kaa."

"Hayo si yangu. Yangu ni haya."

Nikafungua daftari. Nilisoma huku kidole kikifuata neno kwa neno, na mwanzoni vijana walicheka nilivyokuwa najikwaa. Mmoja akasema, "Bibi, betri imeisha?" Nilipofika kwenye gunia wakanyamaza. Binti alikuwa amekaa na wanawake, ananitazama. Ningeweza kufunga daftari pale. Gunia lilikuwa limeshatajwa, lingetosha kumnyima ruhusa. Nikafunua ukurasa wa tisa. Nikasoma fundo. Nikasoma meno.

Mwenye boti akaruka. "Mmesikia? Kamvua mwenyewe! Mimi nilimgusa nani?"

"Gunia ulishika wewe."

"Nilikulazimisha?"

"Hukunilazimisha. Uliniambia ahsante."

Yule mama wa dagaa akasimama bila kuitwa. "Hata mimi nilivua. Na mwanangu nilimvua." Akakaa.

Mwenyekiti akamgeukia mwenye boti. "Boti yako ya pili ilikaguliwa na maboya gani asubuhi ile?" Mwenye boti akaivaa kofia yake. Ruhusa haikutolewa. Haikutolewa siku hiyo, nasema, maana ataomba tena, namjua. Tukikutana njiani bado ananiamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," kwa sauti ya ukwe, na mkaguzi yuko kazini kwake mpaka leo.

Binti hakurudi nami nyumbani. Siku nne hakupiga simu. Siku ya tano alikuja na daftari. Nililisahau kwenye benchi la kikao, yeye akalichukua. Safari hii alikuwa amelisoma kwa macho yake. Hakuniamkia.

"Fundo lilikuwa gumu sana?"

"Gumu."

"Ungeliacha."

"Ningeliacha."

Hakunisamehe, nami sikuomba. Alivuta vuta uzi wa mkeka, kisha akatoa simu. Akasema mwaloni bado panatakiwa kipeperushi, ila leo nikae naye nisikie kila mstari. Tulikaa tangu saa nne hadi adhuhuri inaadhiniwa. Tuliiambia isiongeze hali ya hewa. Isimwite mtu shujaa. Ikaandika "kwa bahati mbaya", tukaitoa. Ikaandika "abiria walijikuta hawana maboya", nikamwambia binti aiulize, walijikuta vipi, yalitambaa? Ikaomba radhi, ikaandika upya, ikatuwekea machozi, tukayatoa.

Ilibaki mistari mitatu. Ukivaa boya, usilivue mpaka ushuke nchi kavu. Akija mtu na gunia, mnyime. Mimi nilimvua mdogo wangu, akafa.

Simu ikauliza kama tungependa iongeze neno la matumaini mwishoni. Binti akanitazama, macho ya mama yake yale yale.

"Izime," nikamwambia.