Twiga Mwekundu wa Baba

Mimi ni mtu wa kupenda mambo ya kale. Nimepanda ngazi za majumba ya masultani kule Unguja, nimezunguka maboma ya Wajerumani na makumbusho kadha wa kadha, na kila nilipokuta kibao cha kukataza kugusa nilikitii kama mtoto wa shule. Adabu hiyo niliimalizia ugenini.

Kwetu Kondoa, michoro ya miambani niliiona kama ukuta wa nyumbani. Baba aliilinda miaka mingi, kwanza kwa ujira, na alipostaafu akaendelea kwa ukaidi wake tu. Alipenda zaidi twiga mmoja mwekundu, aliyechorwa ameinamisha shingo kama anayesikiliza. Tatizo lilikuwa maji. Ukiumwagia mchoro maji, rangi inakolea na picha inatoka vizuri, lakini yakikauka yanaacha weupe kama wa chumvi, na mchoro unafifia. Baba aliwahi kuwanyang'anya chupa watu wazima mbele ya wake zao. Nilikuwa namwonea aibu.

Nilipopata kazi Dodoma mjini, wageni wa ofisini wakitaka matembezi niliwapeleka huko. Nilichagua siku ambazo baba alikwenda kliniki, kwa kuwa presha ya macho ilikwisha kumwanza, na weupe mwembamba mwambani hakuweza tena kuuona. Nilinyunyiza kidogo tu, ili simu za wageni zipate picha. Kidogo hicho nilikirudia kwa miaka.

Jirani mmoja akaniona, akamwambia. Baba alinikalisha sebuleni akaniuliza kama ni kweli. Nilikana, tena kwa hasira, nikamwambia jirani ana wivu. Tangu siku hiyo tukawa watu wa shikamoo na marahaba, basi.

Mwaka jana macho yake yalizima kabisa. Akanipigia simu mwenyewe, akaniomba nimpeleke kwa twiga wake. Mimi nilikuwa sijakanyaga huko muda mrefu. Tulipanda kilima polepole, mkono wake begani kwangu, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Tulipofika chini ya mwamba niliinua macho mahali pa twiga. Palikuwa na utando mweupe, mpana kama shuka, na pembeni yake mguu mmoja mwekundu. Twiga hakuwepo.

"Yupo?" baba akauliza.

"Yupo."

"Na shingo?"

"Bado kainama."

Nikamshika mkono ili nimgusishe mwamba, labda afurahi. Akaurudisha haraka.

"Mikono ina mafuta," akasema. "Utamharibu. Niambie, kuna weupe wowote?"

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa ile. Nilijua sitapata nyingine.

"Hakuna, baba. Pako safi."

Akauelekeza uso mwambani, akitabasamu kwa namna ambayo hakuwahi kunitabasamia mimi. Kisha akavua kofia yake, akageuka upande nilikosimama.

"Basi yule jirani alinidanganya, nami nikakusingizia," akasema. "Nimekuwekea kinyongo miaka yote hii bure, mwanangu. Nisamehe."

Nilitazama ule mguu uliobaki. Yeye alikuwa bado anasubiri, kofia mkononi.

"Nimekusamehe, baba," nikasema.