Chui Aliyeondoka na Kofia Yangu

Jua lilikuwa utosini. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu kila nikisimulia habari hii kuna mtu huniuliza, "Ilikuwa usiku wa manane, sivyo?" Hapana, ndugu yangu. Ilikuwa mchana kweupe, sikuwa nimekunywa kitu ila maji ya ziwa, na kaburi nitakalokuambia nililichimba kwa mikono hii miwili. Usiponiamini, nenda Nchelenge ukaulize.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwashi kijana Elisabethville. Nikapata likizo ya wiki tatu. Wenzangu walikwenda vijijini kwao, lakini mimi nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, baba katoka huku, mama katoka kule, na kijiji cha kwenda sikuwa nacho. Nikasema, basi, nitakwenda kuona ziwa Mweru na visiwa vyake. Nilikuwa na gunia lenye blanketi na kikombe, faranga chache, na kofia mpya ya kaki ambayo kifungo chake nilikishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Kofia ile niliipenda kuliko viatu vyangu, maana viatu sikuwa navyo.

Hadi Kasenga nilipanda lori la samaki, nimekaa juu ya matenga matupu. Kutoka hapo nikapanda mashua, tukateremka mto Luapula siku mbili. Nilipoliona ziwa lenyewe nilisimama nikasahau kufunga mdomo. Maji yalikuwa meupe kwa mwanga hadi macho yakaniuma, na ng'ambo haikuonekana. Nimezoea kuta, mimi. Sikujua kwamba mtu anaweza kutazama mbele na asikute ukuta.

Sasa utauliza: mtu mwenye faranga chache alikula nini? Hapo ndipo penye aibu yangu. Mwashi mwenzangu mmoja, mtu wa Kashikishi, alikuwa amenifundisha desturi ya kwao. Watu wa ziwa wana koo: Chui, Mbuzi, Mamba, Samaki, na nyingine. Mgeni akifika akataja ukoo wake, wenye ukoo huo humpokea kama mtoto wao. Na koo zina watani wao. Chui na Mbuzi ni watani: hutukanana bila kosa, hunyang'anyana vitu bila kesi, na mmoja akifa, ni mwenzake ndiye humzika. Hilo la mwisho nililisikia pia, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye chakula.

Basi kufika Kashikishi nikamwambia mama mmoja mwanika samaki, Mama Kalaba, kwamba mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Hakuniuliza mara mbili. Alinipa bukari, ndio ugali wao, na samaki mkubwa mwenye mafuta, akanitandikia mkeka, akanitafutia mtumbwi wa kunivusha bure hadi kisiwa cha Kilwa, humo humo ziwani. Huko Kilwa nako nikawa Mbuzi. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa siku sita na jembe sikuliona. Nilitembea kisiwa kizima, nikalishwa kila nyumba, nikalala nikijisifu kwa ujanja wangu. Watu wema namna ile, nami nawadanganya bila hata kukohoa! Kumbuka lakini, njia ya mwongo ni fupi.

Siku ya saba nilitaka kuvuka hadi Nchelenge, jirani na Kashikishi, kutafuta lori. Wavuvi wote walikuwa wametoka. Nimekaa ufukoni na gunia langu, mara nasikia sauti kutoka majini:

"Eh, Mbuzi! Ni nani alikufungula kamba?"

Alikuwa mwanamume wa makamo, peke yake katika mtumbwi mwembamba, kifua wazi, bangili ya shaba mkononi. Alisema jina lake ni Mwelwa, wa ukoo wa Chui. Aliruka chini, akanizunguka kama mtu anayenunua mnyama sokoni, akanivua kofia akaivaa yeye.

"Nani alivalishaka mbuzi kofia?" akasema. "Hii ni ya Chui sasa. Panda, nakupeleka Nchelenge. Mé, lakini, tutapita kwanza pa kisiwa kimoya, iko kazi kidogo."

Niseme ukweli, nilimpenda papo hapo. Ningekasirika vipi? Mtani akichukua, kachukua. Na alikuwa fundi, ndugu yangu! Upepo ulipanda, mawimbi yakafika kimo cha magoti ya mtu mzima, nami sijui kuogelea. Yeye alipiga kasia amesimama, anaimba, anatukana mawimbi kwa majina, na mtumbwi ukapita katikati yao bila tone moja kuingia ndani. Nimewaona madereva hodari na waashi hodari, lakini mtu aliyeijua kazi yake kama yule sijamwona tena. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kasia lake lilizama majini likatoka kavu. Nililitazama mara tatu, nne. Nikajiambia ni jua.

Tulipofika katikati ya maji aliacha kuimba.

"Kule Nchelenge iko mwanamuke moya, Mama Chola," akasema. "Bwana yake alizama, sasa miaka mbili. Bantu banasema: mutu hayazikwa, basi mwanamuke asitoshe ku kichwa kitambala ya kilio. Haende soko, haolewe, haimbe hata mu kanisa. Anakaa tu ku mulango. Banangoya Mbuzi amuzike ule bwana."

"Na maiti, hamukuitafuta?" nikauliza.

"Balitafuta. Balipita karibu mara mingi. Mé ile kisiwa iko na nyoka, nani anashuka? Halafu nikasikia kule Kilwa kuko Mbuzi moya anatembea-tembea, haogope fasi yoyote. Nikasema, ni huyu."

Kazi kidogo aliyoitaja ilikuwa kuzika! Na mimi si Mbuzi hata wa mkia. Nikatazama huku na huku, maji matupu pande zote.

Kisiwa chenyewe kilikuwa mawe na vichaka tu. Alinishusha, akanipa jembe la mpini mfupi, akaonyesha kwa kidevu. "Nenda nyuma ya mawe. Utamuona."

Nilikwenda nikigonga mawe kwa jembe ili nyoka wakimbie. Nyuma ya mawe palikuwa na mifupa ya mtu, imelala ubavu, safi, miaka miwili ya jua na mvua. Mkononi palikuwa na bangili ya shaba. Na kichwani, ndugu yangu, kichwani palikuwa na kofia mpya ya kaki, yenye kifungo kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilikimbia hadi majini. Mwelwa alikuwa ameketi mtumbwini, hatua ishirini kutoka ufukoni, na safari hii hakucheka. Kichwa chake kilikuwa wazi. Nikapiga kelele kama mtoto:

"Mimi si Mbuzi! Nilidanganya! Sina ukoo, nimezaliwa kambini! Nikikuzika mimi haitafaa kitu, mke wako atabaki vilevile!"

Upepo ulikuwa umekatika.

"Kwa Mama Kalaba ulikula mu jina ya nani?" akauliza.

"Ya Mbuzi."

"Kule Kilwa ulilala mu jina ya nani?"

"Ya Mbuzi."

"Bon. Ulikula mu jina yake. Chimba mu jina yake."

Nikarudi nyuma ya mawe. Niligundua hapo kwamba woga ulikuwa umenitoka, na kilichobaki kilikuwa haya, haya kubwa, na huruma. Miaka miwili mtu yule hodari alikuwa amelala pale akingoja, si kwa ajili yake, bali ili mwanamke mmoja ainuke pale mlangoni atoke nje. Nilichimba hadi viganja vikatoka damu. Nikamlaza vizuri. Kofia nikaiacha kichwani mwake. Halafu nikakumbuka kwamba mtani hazikwi kimya, lazima atukanwe. Nikajaribu, machozi yakatangulia. Mwishowe nikasema, "Wewe ni Chui wa namna gani, unashindwa na maji? Paka wewe! Lala, umetuchosha!"

Nikasikia kicheko kule majini. Kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba. Nilipotoka nyuma ya mawe, mtumbwi ulikuwa umeegeshwa mchangani na ndani hapakuwa na mtu. Kasia, safari hii, lilikuwa limelowa.

Sijui kupiga kasia hadi leo, lakini nilifika Nchelenge kabla jua halijazama. Upepo ulinisukuma kwa nyuma, polepole, kama mtu anavyomsukuma mtoto mwenye haya mbele za wageni. Ufukoni watu walikusanyika. Mzee mmoja alishika ubao wa mtumbwi, akasema, "Hii tuliitafuta miaka mbili."

Nilisimulia yote, hata bangili, isipokuwa uongo wangu wa ukoo. Asubuhi yake wanaume walikwenda nami kwa mashua, wakaliona kaburi. Mchangani palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, zangu. Tuliporudi, Chui na Mbuzi walikuwa wamekusanyika mlangoni kwa Mama Chola, na Mama Kalaba ameitwa kutoka Kashikishi. Wakaniuliza: wewe ni Mbuzi wa mama nani?

Hapo ndugu yangu nilijaribiwa. Uongo mmoja tu zaidi, na kitambaa cha kilio kinatoka. Mama Chola alikuwa ananitazama, mwanamke mwembamba, mikono magotini, hata hakulia. Lakini ningemzika yule bwana kwa machozi halafu nimdanganye mke wake? Nikasema, "Mimi si Mbuzi. Nilisema hivyo nipate kula."

Kelele zilizozuka! Mmoja akataka nipigwe. Mwingine akasema kazi yote ni bure, mama huyu akae tena. Mama Chola akainamisha kichwa. Ndipo Mama Kalaba akainuka, mikono yake bado inanuka moshi wa samaki.

"Miye nilimulisha huyu, sababu ni Mbuzi," akasema. "Kama haiko Mbuzi, basi miye niko mujinga. Nani hapa anasema miye niko mujinga?"

Akawatazama mmoja mmoja, akaendelea:

"Alizika Chui. Mutu wa bure hazike Chui. Ni Mbuzi, mutoto yangu." Akamwendea Mama Chola, akakifungua kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, akamshika mkono akamtoa nje ya mlango. Mama Chola alikwenda moja kwa moja hadi majini, akanawa uso, akakaa hapo muda mrefu. Nililia mbele za watu na sioni aibu kulisema.

Sikurudi kwa matofali ila kwenda kuaga. Niliishi kwa Mama Kalaba hadi nilipooa, na Chui wote wa ufuko ule wakifa, mimi ndiye huitwa. Wengi nimewazika. Hili ndilo jembe langu la siku ya tatu, na halijaisha.

Kwa hiyo wewe unayesafiri na kigunia chako, kisiwa hadi kisiwa, ukilishwa na watu usiowajua, sikia. Wapende, maana wanastahili. Lakini usijiite jina la nyumba ya watu kwa sababu ya sahani tu. Jina lina kazi yake, na mwenye kazi hakosi kukufikia, hata katikati ya maji, hata saa sita za mchana.

Mimi sasa ni mzee, na mtani naye ana zamu yake. Siku mtakaponilaza, Chui atakuja kunichimbia. Akija mmoja msiyemjua, kifua wazi, bangili ya shaba mkononi, na kofia ya kaki kichwani, msimuulize kitu. Mpisheni. Na akinitukana, chekeni kwa niaba yangu.