Zile Ikoni za Bi Mwajuma

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado hunijia nikifumba macho. Upepo wa Singida unapeperusha pazia la duka letu la kuchapa, pale Utemini, na kwenye skrini ya kompyuta shamba la alizeti limetulia kama limelala.

Picha ile niliiweka mimi. Ilikuwa enzi ya soko huria, kompyuta ndiyo kwanza zinaingia mjini, na mimi, kijana wa kidato cha nne, nikawa wa kwanza dukani kuizoea. Niliipenda mno picha ile. Ili isizibwe nilizipunguza ikoni, vile vipicha unavyobofya kufungua kazi, mpaka zikawa kama punje za uwele zilizomwagika. Kisha nilikaa kuitazama, chai ikapoa.

Mwenzangu kazini alikuwa Bi Mwajuma, mpiga chapa wa miaka mingi serikalini aliyepunguzwa kazi, mwenye wajukuu watatu wa kulisha. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu, ila macho yalikuwa yamechoka.

"Mwanangu, hawa sisimizi wako watanitoa machozi," alinitania siku moja, pua imekaribia kugusa skrini.

Nilicheka. Nilijua kwamba kubofya mara chache tu kungezikuza. Lakini nikajiambia, mimi ni nani nimfundishe kazi mtu wa umri wa mama yangu? Nikaiita heshima. Ukweli ni kwamba sikutaka alizeti zangu zizibwe, tena nilifurahia kuwa mimi peke yangu ndiye ninayeona vizuri.

Asubuhi ile ya upepo Bi Mwajuma alikusudia kufuta folda ya kazi za zamani, akaifuta kabisa ile iliyokuwa kando yake kwenye skrini. Humo ilikuwamo katiba ya kikundi cha wafugaji wa nyuki wa Shelui, na wenyewe walikuwa kwenye benchi wakiisubiri. Mwenye duka akaitwa.

"Mama, nakuheshimu, lakini macho yamegoma," alisema. "Kapumzike nyumbani."

Kisha akainama kwenye skrini. "Na hivi vidude mbona vidogo hivi? Hata mimi sivioni!"

"Ngoja nivikuze, bosi."

Ikoni zikavimba, majina yakasomeka. Bi Mwajuma alikuwa mlangoni akifunga miwani yake kwenye leso.

"Kumbe vinakua? Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, mama."

Akakaza fundo la leso. "Na shikamoo zako zilivyokuwa nzuri kila asubuhi."

Akaondoka. Hata hapo ningeweza kumwambia bosi kwamba kosa ni langu. Sikusema. Nilipopata moyo wa kumtafuta, alikuwa amehamia Nduguti kwa ndugu zake, na sikumwona tena.

Mwanangu, ukimwona mkubwa wako anahangaika na jambo unalolijua, usijifiche nyuma ya adabu. Sogea, mwambie taratibu, "Mama, niruhusu nikuonyeshe." Hutakuwa umemvunjia heshima, ndiyo heshima yenyewe hiyo. Na kosa likiwa lako, liseme siku hiyohiyo, maana mtu wa kumwomba radhi hakai akikusubiri.

Mungu akujalie moyo mwepesi kuliko wangu, na uzee wako usiwe na mtu unayemtafuta.