Upepo wa Matairi Njia ya Tingi

Juzi nilimwona dereva akibonyeza tairi kwa kidole gumba, nikamkumbuka baba.

Alikuwa dereva wa mwenye duka mmoja. Alasiri ile tajiri wake alimwazima gari lake dogo la mbio ampeleke mama hospitali, uchungu ukiwa umeshamshika. Kabla ya kufika kijiji cha Tingi tulikwama mchangani. Kukanuka mpira unaoungua. Baba akashuka, akaanza kutoa upepo, fyuuu, tairi moja baada ya jingine.

Nililia. Hata leo kitu kisichojaa sawasawa hunikosesha raha. Siku ile niliamini baba amekata tamaa.

"Baba, unaliua gari!"

"Nyamaza, mwanangu. Tairi likijaa linachimba. Likilegea linapita juu."

"Unalitaka lilegee vipi?" mama aliuliza, meno ameyauma.

"Libonyee kama andazi."

"Andazi langu au lako? Lako ni jiwe."

Baba alicheka, akarudi kwenye usukani. Gari likajikwamua taratibu.

Tulipofika penye ardhi ngumu alichukua pampu ajaze tena, kama ipasavyo. Mama akamshika mkono. "Twende hivi hivi, baba."

Tukaenda hivyo hivyo, gari likiyumba, na mdogo wangu akazaliwa hospitalini, mikononi mwa mkunga.