Moto Nyuma ya Hema: Safari ya Ngoma Zetu Kigali

Tulikwenda Kigali kwa sababu tulialikwa, na tulialikwa kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa kahawa alituona tukipiga ngoma harusini Bukoba akaenda kutusifu ng'ambo. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Barua ilisema kutakuwa na tamasha la muziki la siku tatu, vikundi vitatoka nchi za jirani, wenyeji watatoa chakula na mahali pa kulala. Kiongozi wetu, Kokushubira, aliisoma mara mbili mbele ya kikundi, kisha akanigeukia.

"Mutalemwa," akasema, "kule ni milimani, kuna baridi. Ngoma zitalegea. Ukituaibisha mimi sirudi na wewe."

Kazi zangu katika kikundi zilikuwa mbili. Nilipiga ngoma kubwa, na nilizipasha moto ngoma zote kabla ya kuchezwa. Asiyejua mambo haya aelewe kwamba ngozi ya ng'ombe ikipata unyevu hulegea, na ngoma iliyolegea hulia kama mtu anayepiga godoro. Unaisogeza karibu na moto, ngozi inakaza, sauti inarudi. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo na nilijua kuwa mimi ni hodari. Shida ilianzia hapo.

Tuliondoka Bukoba alfajiri ya Jumatano, watu kumi na wawili na ngoma saba juu ya lori la yule mfanyabiashara. Mzee Kamugisha, mwimbaji wetu, alipewa nafasi ya mbele kwa dereva kwa sababu ya goti lake bovu. Alikuwa na kipaji kingine mbali na sauti: aliweza kulala popote. Kabla hatujamaliza mji alikuwa amekwisha lala, kofia usoni, huku lori likiruka mashimo. Sisi wa nyuma tulizikumbatia ngoma kama watoto wachanga. Usiku tulilala Ngara kwa ndugu wa dereva.

Alhamisi asubuhi tulifika Rusumo. Maporomoko ya Kagera yalikuwa yakinguruma chini ya daraja, na ukungu wake ukatulowesha sisi na ngozi za ngoma pia. Askari wa forodha upande wa pili alitaka kujua ndani ya ngoma kuna nini. Kokushubira akamwambia hakuna kitu. Askari hakuridhika. Basi nikampigia kidogo, naye akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hii ngoma iko mgonjwa," akasema, akatupisha.

Ng'ambo ya daraja dereva alihamia upande wa kulia wa barabara, kwa kuwa ndiyo desturi ya huko, na kwa maili kumi nzima hakuna aliyezungumza naye ili asisahau. Jambo jingine lililobadilika ni saa. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Dereva alituambia turudishe saa zetu, na kila mwenye saa akarudisha, isipokuwa mimi. Nilisema saa yangu ni ya Tanzania na itabaki ya Tanzania. Watu walicheka, nami nikajiona nimesema neno la maana.

Tulipita Kibungo, tukapita Rwamagana, vilima vikija kimoja baada ya kingine, vyote vimelimwa hadi kileleni. Mchana tukaona ndege ikishuka kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe karibu mno na barabara hata Mzee Kamugisha akaamka, akaitazama, akalala tena. Tulipoingia Kigali jua lilikuwa bado juu.

Uwanja wa tamasha ulikuwa bondeni chini ya Nyamirambo. Nyasi zilikuwa zimekauka, kwa maana ulikuwa mwezi wa Julai na mvua ilikwisha zamani. Juu ya nyasi hizo palikuwa na mahema thelathini hivi ya nguo nyeupe ya amerikani, yametengana sana, kana kwamba yamegombana. Aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mtandio kichwani na mkasi wa fundi umening'inia shingoni kwa utepe. Huyu ndiye Mama Hadija, fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu ulio pale juu. Yeye na mafundi wenzake ndio walioshona mahema yote, na kwa sababu hiyo alikuwa amepewa ulinzi wa kambi.

"Karibuni, poleni na safari," akasema. "Bukoba ni kwa bibi yangu, basi nyinyi ni watu ya nyumbani. Sasa sikieni. Moto iko moja tu, pale."

Alituonyesha shimo refu katikati ya uwanja, limezungushiwa ardhi tupu iliyofyekwa majani, na kando yake madebe ya mchanga na mapipa mawili ya maji. Mwanamke mmoja alikuwa akichochea maharage hapo.

"Mama, sisi tuna ngoma," nikamwambia. "Ngoma zinahitaji moto."

"Ngoma inapenda moto, sawa. Lakini moto nayo inapenda tenti yangu." Akaushika mkasi wake kifuani. "Mimi najua hii nguo. Nimeikata mwenyewe. Cheche moja, inakwisha kabla hujasema bismillahi."

"Na kwa nini mahema yako mbali hivi?" akauliza Kokushubira. "Mtu akitaka kumwita mwenzake apige tarumbeta?"

"Hatua kumi na tano," akasema Mama Hadija. "Wote wananilalamikia. Nyinyi pia lalamikeni tu, nimezoea."

Tulilalamika, kisha tukaenda kulala.

Ijumaa zamu yetu ilikuwa saa nane mchana. Asubuhi ngozi zote zilikuwa baridi na laini kwa umande juu ya ule ukungu wa Rusumo. Nilipokwenda shimoni nilikuta foleni. Wapiga ngoma kutoka Burundi walikuwa na ngoma nyingi kuliko zetu, kubwa kama mapipa, na masufuria ya chakula cha mchana yalikuwa yamekwisha shika upande mmoja mzima. Nikangoja. Nikaenda kusikiliza bendi moja ya magitaa, nikarudi, foleni ipo. Nikatazama saa yangu: saa saba na nusu. Nusu saa imebaki na ngoma zangu saba zinalia kama magodoro.

Saa ya Kigali ilikuwa saa sita na nusu. Nilikuwa na saa nzima na nusu. Lakini saa yangu ilikuwa ya Tanzania.

Nikachukua ngoma kubwa, nikaenda nyuma ya hema letu ambako upepo haukufika. Nikakusanya majani makavu ya mikaratusi na vijiti, nikawasha moto mdogo sana, moto wa kuota paka. Nikaisogeza ngoma, nikaigonga, nikasikia ngozi inaanza kupanda. Nilifurahi. Nikaiacha ipate joto, nikakimbia kuwaita wenzangu walete ngoma nyingine. Nilijiambia ni dakika mbili.

Nilipogeuka nikiwa njiani kurudi niliona moshi, na moshi haukuwa wa moto wa paka. Upepo ulikuwa umezunguka hema. Majani ya mikaratusi yenye mafuta yalikuwa yamerukia kwenye nyasi, na nyasi zimepanda kwenye nguo. Upande mzima wa nyuma ulikuwa unawaka, na moto ulikuwa unakwenda kwa mbio kuelekea mlangoni.

"Mzee yumo ndani," akasema Kokushubira nyuma yangu. Hakupiga kelele. Aliisema kwa sauti ndogo, na sauti ile naikumbuka kuliko moto wenyewe.

Nilikimbilia mlangoni. Pazia la mlango lilikuwa limekwisha shika. Nililivuta kwa mkono wa kulia, likaniganda, nikaliachia na ngozi yangu kidogo. Nikaita jina la mzee, sikujibiwa. Nikakohoa, nikarudi nyuma, nikaenda tena, na joto likanirudisha kama mtu anayesukumwa kifuani. Nilijua nimemuua Mzee Kamugisha.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Hadija akipita kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa mwili wake. Hakutazama mlango hata kidogo. Alikwenda ubavuni, upande ambao haujashika, akachoma mkasi kwenye nguo kwa ncha, akaikata kutoka juu hadi chini kwa mkupuo mmoja, kama anayekata kitambaa cha mteja mwenye haraka. Akaingiza kichwa na mikono, akavuta. Alitoka kwanza mguu wenye goti bovu, kisha mzee mzima, kofia bado ipo usoni.

"Chukua, vuta, mbali, mbali," akatuambia, naye akageuka kwenye lile hema lake na kulikata kamba. Likaanguka chini. Watu wakaja na madebe ya mchanga kutoka shimoni wamejipanga mstari, wale Warundi mbele kabisa, na moto ukafunikwa kabla haujapata hema la jirani. Hatua kumi na tano. Majani yaliungua kumi na mbili kati ya hizo. Nilizihesabu baadaye mwenyewe, mara kadhaa.

Mzee Kamugisha alikaa chini ya kivuli cha lori akikohoa. Nyusi zake za upande mmoja zilikuwa zimekwenda. Vinginevyo alikuwa mzima. Ngoma kubwa, mkubwa wa ngoma zetu, ilikuwa imepasuka ngozi.

Wakuu wa tamasha walikuja, wakaniuliza, nikasema ukweli. Mmoja wao, bwana wa suti, alisema kwa Kifaransa maneno marefu ambayo sikuyaelewa ila nilielewa kidole chake kilichoonyesha barabara ya Rusumo. Kikundi kizima kilikuwa kinafukuzwa kwa ajili yangu. Kokushubira hakunitazama.

Mama Hadija alimjibu kwa Kinyarwanda, polepole, huku akinifunga mkono kwa kipande cha amerikani. Alipomaliza, yule bwana akainua mabega na kuondoka.

"Umemwambia nini, Mama?" nikauliza.

"Nimesema wenzako wacheze. Wewe hapana. Wewe utakaa na mimi kwa shimo, siku zote mbili na hii. Hakuna mtu ataogopa moto kuliko wewe, basi wewe ndiyo askari mzuri." Akakaza fundo. "Ihangane," akaongeza, ndiyo pole ya huko.

Saa nane ya Kigali wenzangu walicheza kwa ngoma sita. Mimi nilikuwa shimoni na debe la mchanga, nikiwasikia kwa mbali. Nilitegemea bila ngoma yangu wimbo utaanguka. Haukuanguka. Mzee Kamugisha aliimba kwa sauti iliyokwaruza kwa moshi, na watu wakadhani ndivyo Wahaya wanavyoimba, wakamshangilia wakaomba arudie.

Jumamosi na Jumapili nilikuwa mkuu wa moto. Nilipasha ngoma za watu wote kwa mkono mmoja. Nilijifunza kwamba kila ngozi ina tabia yake na kila mpiga ngoma anaamini ya kwake ni ya kwanza kwenye foleni. Nilimfukuza mtu aliyekuja kuwasha sigara karibu na hema. Nilimfukuza bwana wa suti aliyekuja na jiko lake la makaa la chai, naye akatii, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Jumapili mpiga ngoma mmoja mzee kutoka kilima cha jirani alipita mbele ya foleni bila kusimama. Akaweka ngoma yake kwenye jiwe, juani, ngozi juu, akakaa kando yake akila mahindi.

"Mzee, wewe hupashi?" nikamwuliza.

Akanyoosha kidole juu. "Ile pale ni ya nini? Utaamka mapema, utaweka ngoma, utangoja. Vijana hawapendi kungoja."

Jioni kabla ya kuondoka Mama Hadija alitupeleka Biryogo, mimi, Kokushubira na Mzee Kamugisha. Tulipita vichochoro vyembamba, cherehani zikilia kila mlango, tukakaa kwenye benchi mbele ya duka lake, akatupa chai ya tangawizi na sambusa. Lile hema lilikuwa mezani pake, nusu jeusi nusu jeupe. Nilimwomba nimsaidie kufumua mishono ya kipande kizima. Nikafumua kwa mkono wa kushoto mpaka adhana ya magharibi, vibaya. Kokushubira alianza kunisemesha tena hapo. Aliniambia nimeshika nguo kinyume.

Jumatatu tulirudi. Safari hii mkono wangu ulinipa nafasi ya mbele, katikati ya dereva na Mzee Kamugisha. Tangu Ijumaa nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba radhi na sikuyapata. Baada ya Kibungo niliona bado yuko macho, jambo la ajabu, basi nikajaribu.

"Mzee, nisamehe. Ulikuwa umelala, hukujua."

"Sikuwa nimelala sana," akasema. "Nilisikia harufu ya moshi."

Nikamtazama. "Kwa nini hukutoka?"

"Nilisikia na mlio wa ngoma, gong, gong. Nikajua ni Mutalemwa anapasha. Nikasema, basi, yupo mwenyewe." Akavuta kofia. "Nikageuka upande wa pili nikalala vizuri."

Hakusema hivyo kwa kunilaumu. Alikuwa anaeleza tu kilichotokea, na kabla hatujafika darajani alikuwa amelala tena, kichwa chake begani kwangu.

Wengi hapa nyumbani mmeniuliza muziki wa Kigali ukoje, nami nawajibu kwamba sikuusikia vizuri, nilikuwa na kazi. Nilichokisikia vizuri ni maneno ya yule mzee garini. Siku hizi tukisafiri, ngoma naziweka juani tangu asubuhi, na pakiwa na mawingu nawasha moto shimoni, mbali, na nakaa hapo hapo hadi majivu yapoe. Anayetaka kuniita anakuja mwenyewe.