Spika Zilizonuniana

Asubuhi, jua bado changa, Fundi Mdogo amelala kifudifudi kwenye sakafu ya boti ndogo ya matembezi. Mkono wake mmoja umezama hadi begani ndani ya ubavu wa chombo. Anapapasa. Boti inayumba kila maji yanapopiga gati, naye anayumba nayo.

"Waya hauna macho," anasema, sauti ikitokea chini ya kiti. "Ndiyo maana nautafuta kwa vidole."

Kazi yake ni kufunga spika za ziada kwenye boti za starehe. Mwenye boti hii, daktari wa meno, ana spika mbili mbele karibu na usukani. Injini ikinguruma, waliokaa nyuma husikia injini tu. Akiongeza sauti, waliokaa mbele huziba masikio. Kwa hiyo ameagiza nyingine mbili za nyuma.

"Watu wanadhani ukiongeza spika unaongeza kelele," anasema. "Wapi! Unaongeza ili usipige kelele. Kila mtu anapata yake kwa upole."

Ana mvi kichwa kizima na umri wake umevuka hamsini, lakini hapa gatini wanamwita Mdogo. Jina hilo alilipata enzi za kufanya kazi na kaka yake, Fundi Mkubwa. Mkubwa alihamia gati la ng'ambo ya ziwa, mwaka wa tatu huu. Jina limebaki peke yake, kama kiatu cha mguu mmoja.

Kibandani kwake kuna stuli mbili. Moja anaikalia, na juu ya nyingine ameweka boksi la skrubu. Nilipotaka kulisogeza nikae, aliniwahi kwa kunitafutia ndoo. Mkewe alitangulia mbele ya haki, watoto wana miji yao. Mtu huyu anayewafungia wenzake muziki hawashi hata redio nyumbani.

"Nikiwasha, najikuta nataka kumuuliza mtu, unaisikiaje?" anasema. "Basi siwashi."

Kwenye boksi la vifaa, kati ya msumeno wa kutobolea matundu na mrija wa silikoni ya kuzibia, kuna kioo kidogo cha kunyolea kilichofungwa kwenye kijiti. Nilimuuliza kama hunyolea ndevu botini. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kioo kile ni msaidizi wake. Kabla spika haijafungwa moja kwa moja, hupimwa kwa betri ndogo ya tochi. Mtu mmoja hukaa kwenye redio, akagusisha betri kwenye waya. Mwingine hukaa nyuma kwenye spika, akatazama uso wa spika hiyo: umeruka nje au umezama ndani? Zote zikiruka nje, zimepatana. Moja ikiruka na nyingine ikazama, mafundi hawa husema zimenuniana. Zinaimba zote, lakini zinavutana, na besi inapotelea katikati.

"Kazi ya watu wawili hiyo," anasema. "Kaka alikuwa anaita, 'Nje!' au 'Ndani!' Sasa naegemeza kioo nyuma kule, nakaa huku natazama. Kioo hakiiti."

Kilichowatenganisha ni uzi mmoja. Waya wa spika una nyuzi mbili, mmoja una mstari. Mdogo huufanya wenye mstari kuwa chanya, Mkubwa huufanya hasi. Hakuna aliyekosea, mradi ncha zote mbili zifungwe na mtu mmoja. Siku ya boti ya maharusi walikuwa na haraka. Mkubwa akafunga upande wa redio, Mdogo akafunga spika za nyuma, kila mmoja kwa mazoea yake. Hawakupima.

Muziki ulipowashwa ulitoka mkavu, hauna tumbo. Wageni wakatazamana na mwenye boti akafoka. Mdogo, kwa aibu, akamgeukia kaka yake mbele ya watu wote: "Masikio yako yamezeeka, Kaka. Pumzika."

"Hakunijibu," anasema, macho yakiwa kwenye maji. "Angenijibu tungegombana, tukamaliza. Aliokota vifaa vyake, akavifuta kimoja kimoja, akaondoka. Inaniuma mpaka leo, na sitakuficha."

Mama muuza chai wa gatini, aliyekuwa akiwapimia vikombe viwili kila asubuhi, ana yake ya kusema. "Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimelima mpaka mpini umelika! Kikapu cha kuvunia nikinunue lini, Mdogo?"

"Kinunue tu, mama. Utabebea vitunguu."

Kwa hiyo alipoutafuta waya wake asubuhi hii, hakuwa akitarajia kitu. Anatoa mkono ubavuni na vidole vyake vimeshika waya ambao yeye hakuupitisha. Mtu alishautandaza kutoka kwenye redio hadi nyuma, kulia na kushoto, akaziba ncha kwa utepe mweusi na kuuacha ukisubiri spika. Na mwisho wa utepe umekunjwa kidogo, ili atakayekuja aubandue kwa urahisi.

Fundi Mdogo anautazama mkunjo ule. Anabandua utepe, anaunganisha spika haraka, mstari kwenye chanya. Mkono uliozoea hauombi ushauri. Anaegemeza kioo nyuma, anarudi kwenye usukani, anachomoa nyaya za redio, anagusisha betri upande wa chanya na wa hasi.

Spika za mbele zinaruka nje. Kwenye kioo, za nyuma zinazama ndani.

"Zimenuna," anasema taratibu. "Huu ni mkono wa kaka."

Daktari wa meno anafika kuangalia kazi, mikono mfukoni, mchangamfu. Fundi anamuuliza nani alifunga za mbele.

"Mzee mmoja wa ng'ambo, mtu wa maneno machache. Nilimwambia anifungie na za nyuma, akakataa. Akasema atapitisha waya tu, spika nije nifungiwe kwenye gati hili, kwa Mdogo. Nikadhani amechoka."

"Alisema kwa Mdogo?"

"Kwa Mdogo. Akasema wewe una masikio mazuri."

Fundi anainama, anajifanya anatafuta bisibisi ambayo iko mkononi mwake. Daktari anaona, anajifanya kutazama ndege majini. Nami najifanya naandika.

Kisha anazifungua spika zote mbili za nyuma na kuzifunga upya, mstari kwenye hasi. Pengine ni mara ya kwanza maishani mwake, na vidole vinasitasita kana kwamba anaandika kwa mkono wa kushoto. Anapima tena. Mbele, nje. Kwenye kioo, nje. Redio inapowashwa, muziki unatoka mnene na wa chini, na daktari aliyeko nyuma anaongea na fundi aliyeko mbele bila kupaza sauti.

Fundi anaziba viungo vyote kwa utepe mweusi. Mwisho wa kila utepe anaukunja.

Namuuliza sasa itakuwaje. Namba ya kaka yake anayo, anasema, ila kwenye simu atasema nini, na kaka mwenyewe si mtu wa simu. Ana mpango mwingine. Jumamosi daktari anavuka kwenda ng'ambo, naye ameshaomba nafasi.

"Spika zinatakiwa zipimwe injini ikiwa inakimbia," anasema kwa sauti ya kazi kabisa. "Tukifika nitamwita Kaka aje asikilize. Nitamwomba radhi hapohapo, mbele ya watu, kama nilivyomkosea mbele ya watu. Halafu akitaka, tutarudi wote. Stuli yake ipo."

Anakusanya vifaa. Msumeno, silikoni na betri vinaingia boksini. Kioo anakifungua kutoka kwenye kijiti, anakifuta kwa shati na kukitia mfukoni.

"Hiki nakirudisha nyumbani," anasema, akijipapasa kidevu. "Siwezi kwenda kwa kaka yangu na ndevu hizi."